Magari Matatu, Kasoro Moja

Jumatatu asubuhi Mkurugenzi alimwita ofisini dereva wake pamoja na mhasibu wa kiwanda, akawaambia kuwa gari lake la zamani limemchosha. Lilikuwa na miaka kumi na mmoja, na mwezi ule peke yake lilikuwa limelala gereji mara tatu. Alitaka gari jingine la saluni, la kifahari lakini la ukubwa wa kati, lisiwe jumba linalotembea wala kiberiti. Wauzaji watatu walikuwa wamekubali kumwazima gari moja moja kwa nusu siku. Mhasibu angepima kama ni afadhali kununua au kukodi kwa mkataba wa miaka mitatu. Dereva angeyaendesha yote kwenye njia ileile, kisha aandike ukurasa mmoja kwa kila gari: linavyotulia barabarani, kiti cha nyuma, breki, buti, na kama spea zake zinapatikana.

"Utakaloandika wewe ndilo nitakalochukua," Mkurugenzi alimwambia. "Mimi kwenye gari ninachojua ni rangi tu."

Pale kiwandani, ambapo kazi ilikuwa kuchapa vitabu vya shule, hakuna aliyemwita dereva huyo kwa jina lake. Walimwita Rubani. Alikuwa amemwendesha Mkurugenzi miaka kumi na tisa bila kugonga wala kugongwa, na mama huyo alikuwa na mazoea ya kusahihisha kurasa kwa kalamu nyekundu akiwa kiti cha nyuma, mstari ukanyooka kama vile yuko mezani. Rubani aliivaa sifa hiyo kama wengine wanavyovaa saa ya bei ghali.

Miezi ya karibuni kulikuwa na vijimambo vidogo. Gari la zamani lilikuwa limepata mikwaruzo miwili ubavuni, kushoto. Wa kwanza Rubani alimtwika mlinzi, kwamba hakufungua geti lote. Wa pili akasema ni watu wa kwenye maegesho, hawana adabu. Wote wakamwamini. Naye alijiamini zaidi yao.

Siku hiyohiyo ya Jumatatu walianza na gari la rangi ya fedha. Mhasibu, mwanamume mwembamba asiyependa maneno mengi, alikaa kiti cha nyuma upande wa kushoto, pale anapokaa Mkurugenzi siku zote, daftari likiwa gotini. Njia waliyoipanga ilipita barabara ya viwandani, ikazunguka mzunguko wa sokoni, ikapanda mlima wa hospitali ya mkoa na kurudi. Injini ilinong'ona tu. Rubani alilisifu gari lile kwa jinsi lilivyokaa chini kwenye kona, akasema hata ukimlaza mtoto mchanga nyuma hataamka.

Kwenye geti la hospitali gurudumu la kushoto likapanda ukingo wa barabara, likashuka kwa kishindo. Mhasibu akashika mlango.

"Nguzo ya kioo hii ni nene mno," Rubani akasema, akionyesha kwa kidole nguzo ya mbele upande wa kushoto. "Inaficha dunia nzima. Andika hapo."

Mhasibu akaandika.

Jumanne ilikuwa zamu ya gari jeusi. Hili lilikuwa refu kidogo kwa kimo, milango yake ikifunguka wazi kama ya kabati, na viti havikuwa vya kuzamia. Rubani alilichukua kwa uangalifu zaidi, maana ule ukingo wa jana ulikuwa umemkera usiku kucha. Mambo yalikwenda vizuri mpaka sokoni. Akiwa anakata kona kuingia barabara ya chini, alisikia mhasibu akisema kwa sauti kali:

"Kushoto. Kushoto, kaka, simama!"

Alikanyaga breki. Mbele kidogo ya mlango wa kushoto kulikuwa na mkokoteni wa madumu ya maji, na mtu aliyekuwa akiusukuma alikuwa ameuachia, ameruka pembeni. Maji yalimwagika kwenye lami. Mtu yule hakutukana. Alisimama tu anamtazama Rubani kama anayetaka kujua huyu ni mgonjwa au mlevi. Rubani akashuka, akamsaidia kuinua madumu, akamwomba radhi, akarudi kwenye usukani huku kijasho chembamba kikimtoka.

"Na hili nalo nguzo yake ni hivyohivyo," alisema walipoondoka.

Safari hii mhasibu hakuandika kitu. Rubani alimwona kwenye kioo cha ndani, kalamu imesimama juu ya karatasi.

Mchana ule, chumba cha madereva kikiwa hakina mtu, Rubani aliketi kuandika. Alimaliza ukurasa wa gari la fedha, akaingia wa jeusi. Alipofika kwenye kasoro akaandika: "Nguzo ya kushoto ni nene, dereva haoni vizuri upande huo." Kisha akasimamisha kalamu. Alikuwa ameandika sentensi hiyohiyo, neno kwa neno, kwenye ukurasa wa kwanza.

Akazitazama karatasi mbili zile, moja kando ya nyingine. Makampuni mawili tofauti, nchi mbili tofauti, na wahandisi ambao huenda hawajawahi kukutana. Wote wamekosea palepale? Na lile gari la zamani, aliloliendesha miaka kumi na mmoja, nguzo yake ilikuwa imenenepa lini mpaka geti likakwaruza?

Aliinuka akafunga mlango. Akasimama mbele ya kalenda ya ukutani, akaziba jicho la kulia kwa kiganja. Katikati ya kalenda aliona tarehe, tena safi kabisa. Lakini tarehe za pembeni hazikuwepo. Ukuta haukuwepo. Ilikuwa kama anachungulia kupitia karatasi iliyoviringishwa. Akaondoa mkono, ulimwengu ukarudi. Akaziba tena. Ukaondoka tena.

Alikaa chini. Alikuwa na miaka hamsini na sita. Kitu alichokijua vizuri kuliko vyote duniani kilikuwa barabara, na watoto wake pacha walikuwa mwaka wa pili chuoni kwa sababu ya barabara hiyo.

Nyumbani, jioni bado kuna mwanga, mkewe alikuwa kibarazani kwenye cherehani, anakunja pindo la sare za shule. Alimtazama mumewe akiingia, akainuka kumpokea mfuko. Alipomgusa bega la kushoto Rubani aliruka.

"Baba Pacha, mimi huyu," mkewe alisema. Akamwangalia kwa muda. "Siku hizi nikikujia upande huu huniitikii. Nilidhani una hasira na mimi."

Akamjibu kuwa amechoka, magari haya mapya yana vitufe vingi kuliko ndege. Mama Pacha hakucheka. Alisema kuna daktari wa macho hospitali ya mkoa, wateja wake wawili wa nguo wameshakwenda kwake. Rubani akasema ataangalia baada ya kazi hii kwisha, na akaenda kuoga kabla hajaulizwa kazi hii inakwisha lini.

Jumatano walileta gari la bluu.

Lilikuwa ghali kuliko yote mawili, na muuzaji alitumia robo saa kueleza kwa nini. Kwenye kioo cha pembeni palikuwa na kitaa kidogo cha rangi ya machungwa. Kitu chochote kikikaribia ubavuni, kitaa huwaka. Dereva akizembea, gari hulia. Akizidi kuzembea, gari hufunga breki lenyewe. Rubani alisikiliza maelezo hayo kama mtu anayesomewa barua ya msamaha. Aliuliza swali moja tu, kama kifaa hicho kinafanya kazi pande zote mbili. Muuzaji akasema pande zote, mchana na usiku. Akaongeza, kwa sauti ya mtu anayekariri, kwamba kinamsaidia dereva tu, hakishiki nafasi yake. Rubani akaitikia kwa kichwa. Moyoni alikuwa ameshalichagua gari.

Kichwani aliuandika ukurasa wote kabla hajawasha injini. Angelisifu gari la bluu kwa usalama. Sentensi ya nguzo angeifuta kwenye yale mawili. Nani angehoji? Mkurugenzi angenunua, kitaa kingewaka upande ambao jicho limezima, na miaka minne iliyobaki kabla ya kustaafu ingepita salama. Hakuwa anamwibia mtu. Alijiambia hivyo mara mbili, na mara ya pili haikumwingia.

Ndipo Mkurugenzi akatoka ofisini akiwa amemshika mkono baba yake. Mzee alikuwa na nyonga mbovu, na kila Jumatano alipelekwa hospitali kwa mazoezi ya viungo. Mkurugenzi alisema leo wangekwenda wote, ili baba naye aonje, maana gari asiloweza kushuka mwenyewe halimfai. Alimketisha kiti cha nyuma kushoto, yeye akakaa kulia, mhasibu akahamia mbele. Mzee alilalamika kwamba kiti kiko chini kama mkeka, kisha akauliza kama kuna redio.

Rubani aliendesha akiwa ameshika usukani kama mtu anayeogopa utachomoka. Kila kitaa kilipowaka alipunguza mwendo, na kiliwaka mara nyingi. Hakuwa anajua kwamba huo upande ulikuwa na watu wengi hivyo. Baiskeli. Mwanafunzi mwenye begi. Gari dogo la mizigo. Wote walikuwa wanapita hapo, siku zote, na yeye alikuwa anakata kona zake kwa madaha.

Kwenye kona ya kuingia hospitali aliwasha taa ya kushoto, akatazama kioo, hakuona kitu, akakunja. Kitaa kilikuwa kimewaka, lakini jua lilikuwa limekipiga usoni na hakukiona. Gari likalia mlio mmoja mkali, likajifunga breki kwa nguvu hivi kwamba mikanda iliwakaba wote kifuani. Mzee akatoa mguno. Nje ya dirisha la Mzee, karibu kiasi cha kugusika, kulikuwa na pikipiki imeinamia ukingo wa barabara, dereva wake amechomeka mguu chini kuizuia isianguke. Nyuma yake alikaa mwanamke aliyembeba mtoto mgongoni.

Mwenye pikipiki alikuja mpaka dirishani kwa Rubani. Hakuonekana kuwa na hasira.

"Nilikuwa ubavuni mwako tangu kule kwenye taa," alisema. "Hukuniona?"

Rubani alifungua mdomo. Mkurugenzi akadakia kutoka nyuma, akamwambia kijana aende taratibu, pikipiki zinajipenyeza kila mahali. Mwanamke aliyembeba mtoto alikuwa ameshashuka, anamgusagusa mwanawe kichwani na miguuni. Mtoto alikuwa mzima. Hata kulia hakulia.

"Gari hili limetuokoa," Mkurugenzi alisema walipoegesha. "Mhasibu, sina haja ya kusoma ukurasa mwingine. Ni hili." Akamshika baba yake, ambaye ilibidi avutwe kwa mikono miwili kutoka kwenye kiti, wakaingia ndani ya jengo.

Wanaume wawili walibaki ndani ya gari. Watu walipita na bahasha za vipimo.

Hatimaye mhasibu alifungua daftari akalilaza kwenye dashibodi. Chini ya maelezo ya siku mbili zilizopita alikuwa ameongeza neno moja moja. Jumatatu, kushoto. Jumanne, kushoto. Chini ya Jumatano aliandika palepale, mbele ya Rubani, kushoto.

"Magari yanaweza kukosea, kaka," alisema. "Lakini si matatu kwa siku tatu."

Rubani akamuuliza anataka kufanya nini. Mhasibu akajibu kwamba hataki kufanya chochote. Ripoti ni ya dereva, na wakati wa kuisema ni wa dereva. Ila alitaka Rubani ajue jambo moja. Jumanne, mkokoteni ulipotokea, yeye alikuwa amekaa pale kushoto, na usiku wake alipowatazama wanawe wamelala alishindwa kula.

"Miaka minne tu," Rubani alisema. "Nimebakiza minne."

Mhasibu alichukua daftari lake. Alitoka akaenda kusimama kivulini.

Dakika arobaini baadaye Mkurugenzi alirudi na baba yake. Rubani alishuka upesi, akafungua mlango wa kushoto, akamshika Mzee kwapa, akamketisha, akamfunga mkanda. Mzee alikuwa mwepesi kama rundo la nguo. Alimshukuru, akamwambia kwamba yule binti wa mazoezi anakusudia kumuua. Rubani akafunga mlango, akazunguka, akakaa, akawasha injini.

Mkurugenzi alikuwa tayari na kalamu yake nyekundu. Mhasibu alitazama mbele. Kitaa cha kioo cha kushoto kikawaka: mwanamke mwenye magongo alikuwa anapita ubavuni. Rubani aligeuza kichwa chote kumtafuta. Ilimbidi ageuke mpaka shingo iume ndipo akamwona.

Alizima injini.

"Mama," alisema bila kugeuka nyuma. "Sitaweza kuwarudisha."

Mkurugenzi aliuliza kama ni gari.

"Si gari. Ni jicho langu la kushoto. Halioni pembeni. Ile pikipiki, kijana hakuwa na kosa. Na mikwaruzo ya gari la zamani ni mimi. Mlinzi nilimsingizia."

Mkurugenzi akafunga kalamu yake.

"Tangu lini?"

"Mikwaruzo ni ya miezi minane. Kujua, nimejua jana mchana."

"Jana," Mkurugenzi alirudia polepole. "Ulijua jana. Na leo ukampakia baba yangu upande huohuo."

Rubani angeweza kusema kuhusu pacha, au miaka kumi na tisa, au kitaa cha machungwa. Hakuyasema, na hilo lilimwokoa, kwa maana hakuna lolote kati ya hayo ambalo lingesikilizwa.

Mkurugenzi alimwambia mhasibu ashike usukani. Mhasibu akasema yeye huendesha kama mtu anayejifunza. Akaambiwa basi wataendeshwa kama wanafunzi. Rubani akashuka, akatoa funguo, akaziweka kwenye kiganja cha mhasibu. Alidhani wataondoka bila neno, lakini dirisha la nyuma likateremka.

"Wewe hupandi," Mkurugenzi alisema. Uso wake ulikuwa umekauka. "Kliniki ya macho iko ghorofa ya pili. Usitoke humu mpaka wakupime."

Gari la bluu lilitoka getini kwa kuruka na kusimama, na Rubani alibaki katikati ya maegesho mikono ikining'inia. Ilikuwa mara yake ya kwanza kulitazama gari lililombeba Mkurugenzi likienda, yeye akiwa nje.

Daktari wa macho alimwekea kidevu kwenye mashine, akamwambia abonyeze kitufe kila aonapo nukta ya mwanga. Kwa jicho la kushoto alingoja nukta muda mrefu, akadhani mashine imeharibika. Haikuwa imeharibika. Ni presha ya macho, daktari alisema, huja kimyakimya bila maumivu, na kilichokwenda hakirudi. Jicho la kulia nalo lilikuwa limeanza kuliwa pembezoni, ila dawa ya matone ingeweza kulishikilia. Kuhusu kuendesha abiria, hakuzunguka. Alisema hapana, akaandika.

Mama Pacha alisoma karatasi ile kibarazani, akaikunja, akauliza matone ni saa ngapi. Baadaye kidogo alilia, uso ameuelekeza kwenye cherehani, akidhani hasikiki.

Ripoti Rubani aliimaliza Alhamisi na kuituma kwa mkono wa mlinzi, baada ya kumwomba radhi kwanza. Alifuta sentensi ya nguzo kwenye kurasa zile mbili. Aliandika kwamba gari la fedha ni tulivu kuliko yote ila liko chini mno kwa mgonjwa wa nyonga. Kuhusu la bluu aliandika kwamba breki zake ni za ajabu, na kwamba mwenye kulinunua kwa sababu hiyo kwanza aulize kuhusu dereva. Alipendekeza jeusi: kimo chake kingemwezesha Mzee kushuka kwa miguu yake, na spea zinapatikana mjini. Mhasibu aliongeza ukurasa wake, kwamba kukodi miaka mitatu kungefaa kuliko kununua, kwa kuwa matengenezo yote yangekuwa juu ya muuzaji. Mkurugenzi aliweka saini bila kubadilisha neno.

Kwa wiki mbili na nusu hakusema na Rubani. Gari jeusi lilifika, na pamoja nalo dereva mpya, mwanamke aliyekuwa akiendesha gari la wagonjwa. Kutoka chumba cha madereva Rubani alimwona akilirudisha nyuma kwenye geti kwa mkupuo mmoja, akaondoka dirishani.

Siku alipoitwa, Mkurugenzi hakumwambia aketi. Alisema bado hajamsamehe ile Jumatano, na hajui kama atamsamehe. Alisema pia kwamba Rubani angeweza kunyamaza na gari la bluu likanunuliwa, na hilo nalo analifikiria. Kitengo cha usambazaji kilikuwa na magari saba ya mizigo na hakikuwa na mtu anayejua njia; Rubani angeweza kwenda kuwaelekeza madereva wake. Mshahara ungepungua, na posho ya safari isingekuwepo. Rubani aliomba siku moja. Alirudi baada ya saa moja akasema ndiyo.

Chumba cha usambazaji kilinuka wino na gundi ya maboksi. Wiki yake ya kwanza wale vijana wa mizigo walimpuuza, wakijua wanachokijua. Jumatatu ya wiki ya pili, mvua ilipofunga barabara kuu, mmoja wao alipiga simu kutoka ng'ambo ya mto akiwa na vitabu vya shule tatu, hajui aende wapi. Rubani aliuliza anaona nini mbele yake. Kijana akasema anaona kiwanda cha matofali. Rubani alifumba macho yote mawili.

"Kipite," alisema. "Utakuta njia ya vumbi mkono wa kulia, halafu daraja la chuma. Kabla ya daraja, simama, shuka, uangalie kwanza kushoto."